Safari Ilikuwa ya Nani? Uzembe wa Dereva na Mfuko wa Mwajiri Wake

Canter imetoka Molo alfajiri na magunia ya viazi, inaelekea soko la Kibuye mjini Kisumu. Ikipita Awasi inamgonga mtu wa boda boda pamoja na abiria wake. Dereva wa canter ni kijana wa mshahara wa mwezi. Ukimshtaki yeye peke yake utashinda kesi na kurudi nyumbani na karatasi. Mwenye canter yuko Nakuru. Siku hiyo alishinda dukani kwake, usukani hakuugusa. Abiria wa boda boda amevunjika paja na hatafanya kazi kwa miezi mingi. Nani atamlipa?

Uliza swali hili kwenye steji yoyote, utajibiwa upesi: mwenye gari. Mara nyingi jibu hilo ni sawa, ila sababu inayotolewa huwa imepotoka. "Kwani gari si lake?" Sheria ya Kenya haimshiki mtu eti kwa kuwa jina lake limo kwenye logibuku, hati ya usajili wa gari. Inamshika kwa sababu safari ile ilikuwa yake: viazi ni vyake, dereva katumwa naye, na faida ingeingia mfukoni mwake. Madai mazuri hufa mahakamani kwa kuchanganya mambo haya mawili. Na wako wenye magari wanaolipa pesa ambazo huenda wasingelipa, laiti wangefika tu kortini kueleza safari ilikuwa ya nani.

Lakini huwezi kumfikia mwajiri bila kupita kwa dereva. Dhima ya mwajiri, yaani wajibu wake wa kulipa, ni kivuli. Dereva asipokuwa na kosa, hakuna kitu cha kuweka kivuli.

Dereva kwanza

Kosa lenyewe huitwa uzembe, na maana yake mahakamani ni nyembamba kuliko maana ya mtaani. Mdai anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba dereva alikuwa na wajibu wa kumjali, kwamba hakuutimiza, na kwamba madhara yalitokana na kutoutimiza huko. La kwanza halina shida barabarani. Mwaka 1932 majaji wa Uingereza waliamua kesi ya mwanamke wa Scotland aliyedai kukuta konokono kwenye chupa ya kinywaji cha tangawizi, na humo wakajibu swali la zamani, jirani yangu ni nani? Wakasema ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria kabla ya kutenda, kwa sababu tendo lako litamgusa. Kwa mtu aliyeshika usukani, majirani ni wengi: anayevuka, anayeendesha baiskeli, mama wa mahindi ya kuchoma ukingoni, na abiria wote aliowabeba.

Ugumu uko kwenye la pili. Watu huja kwa wakili na picha za eksirei, risiti za hospitali na jeraha ambalo hakuna wa kulibishia, wakidhani kazi imekwisha. Mahakama ya Rufaa ilisema waziwazi mwaka 1991 kwamba katika mfumo wetu hakuna bado dhima pasipo kosa. Kuumia ni ushahidi wa kuumia tu. Lazima useme dereva alifanya nini ambacho dereva mwangalifu asingefanya: alikuwa kasi, alipita gari jingine kwenye kona, hakuwa na taa, alihama upande wake, alisinzia. Kisha uthibitishe, kwa kiwango cha kesi za madai, yaani kwamba yaelekea zaidi ilikuwa hivyo kuliko kutokuwa hivyo.

Hapa ndipo karatasi moja hupewa uzito isioustahili. Abstrakti ya polisi inaonyesha kwamba ajali ilitokea, wapi, lini, na magari gani yalihusika. Aghalabu kwenye nafasi ya matokeo huandikwa kwamba uchunguzi unaendelea, na hubaki ukiendelea mpaka mwisho wa dunia. Hata ikiwa afisa ameandika kwamba dereva fulani ndiye wa kulaumiwa, hayo ni maoni yake, na hakimu atataka kujua ameyapata wapi: je, alipima barabara, alichora ramani, aliongea na mashahidi? Shahidi mmoja aliyekuwa akisubiri matatu pale Awasi ana thamani kuliko abstrakti tatu. Chukueni nambari yake ya simu siku hiyohiyo.

Dereva akishtakiwa katika kesi ya trafiki na kupatikana na hatia, na rufaa zikaisha, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu hiyo kuwa thibitisho kamili kwamba alitenda kosa lile. Hata hivyo anaruhusiwa kusema kwamba mdai naye alichangia. Akiachiliwa huru, msikate tamaa. Kesi ya jinai hutaka uthibitisho usioacha shaka ya maana, na aliyeponea hapo anaweza kabisa kushindwa kwenye kesi ya fidia.

Kuna ajali zinazojisemea zenyewe. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, trela liliyaparamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, wakafa watu 52. Mtu anayeuza vitunguu kando ya barabara hana namna ya kujua ndani ya kebini kulikuwa na nini. Kwa matukio ya aina hiyo sheria haimlazimishi kujua. Lori huwa halitoki barabarani na kuingia kwenye kibanda kama kila mtu amefanya kazi yake vizuri, kwa hiyo dereva na mwenye lori ndio wanaotakiwa kueleza kilichotokea.

Maelezo yao, kila anayesafiri kati ya Mau Summit na Nakuru anayajua: breki zilikataa. Wengi hudhani hapo kesi imezimika. Wala. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifika mbele ya majaji wakuu wa Uingereza kesi ya lori lililopoteza breki likiteremka mlima na kumuua mtu. Bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu mahali ambapo jicho halifiki. Wenye lori walisema walilikagua kama inavyopendekezwa. Majaji wakauliza: lori hili limekuwa likibeba nini, limepita wapi, kuna kitu gani katika maisha yake ambacho kingeweza kuleta kutu isiyo ya kawaida? Wenye lori hawakuleta ushahidi huo, wakashindwa. Kusema breki zilikatika ni mwanzo wa maelezo. Yanayofuata ni vitabu vya gereji, tarehe za huduma, vipuri vilivyobadilishwa. Na kwenye mteremko wa Sachangwan kwenda Salgaa, ambako madereva wa malori wamejulikana kwa miaka mingi kutoa gia ili gari literemke lenyewe na dizeli ibaki, hakimu ana haki ya kujiuliza kama breki zilikufa au zilichoshwa.

Ona pia kwamba hapo mwajiri hahukumiwi kwa kosa la dereva. Anahukumiwa kwa kosa lake mwenyewe: kutoa gari bovu barabarani, kumpa usukani mtu asiye na leseni ya gari la aina hiyo, au kumwendesha dereva mchana na usiku bila kulala. Wakili makini hudai njia zote mbili, maana moja ikiziba nyingine hubaki.

Mdai naye hupimwa. Magari mawili yakigongana katikati ya barabara na hakuna anayeweza kusema nani alihama upande wake, mahakama zetu huwagawia nusu kwa nusu. Asiyefunga mkanda anaweza kukatwa sehemu ya fidia. Kesi ya Uingereza ya mwaka 1975 ilipendekeza asilimia 25 pale ambapo mkanda ungezuia jeraha lote, na 15 pale ambapo ungelipunguza, na mawakili wetu huitaja. Mtoto wa chini ya miaka 10 hachukuliwi kuwa amechangia ajali yake. Ambaye ameupita umri huo lakini bado ni mdogo, lazima ithibitishwe wazi kwamba alikuwa na akili ya kujua alichofanya hakifai.

Sasa, safari

Kenya ilipokea sheria ya mapokeo ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Tarehe hiyo imo katika Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, na kwa sababu yake kesi za fidia Nakuru na Kisumu bado hunukuu mikokoteni na farasi wa London. Msicheke. Mikokoteni ile ina mafunzo ya matatu kuliko mnavyodhani.

Kanuni yenyewe ni fupi: mwajiri anabeba kosa la mwajiriwa alilolitenda akiwa katika kazi yake. Vita vyote viko kwenye maneno hayo ya mwisho. Mwaka 1834 jaji mmoja wa London alitofautisha mambo mawili. Mtumishi akiwa katika shughuli za bwana wake na akazunguka kidogo njiani, bwana analipa. Mtumishi akiwa kwenye mambo yake mwenyewe kabisa, bwana halipi.

Turudi kwenye canter yetu. Imegonga ikielekea Kibuye na viazi: safari ni ya mwenye canter, hakuna mjadala. Dereva amekata kona kidogo Ahero kula ugali na samaki, akagonga akirudi barabarani: bado ni safari ya mwenye canter. Dereva wa masafa lazima ale, na hakuna hakimu atakayemwona kuwa amejiajiri kwa sababu ya samaki. Ameteremsha viazi, na badala ya kugeuza kurudi Molo amekunja Kisian kuelekea Bondo kwenye matanga ya mkwewe, akampiga mwenye baiskeli. Hapo mambo yamebadilika. Mwaka 1869 korti ya London ilimwachilia mwenye mali ambaye mkokoteni wake, baada ya kupeleka mvinyo, uligeuzwa upande mwingine kwa shughuli binafsi za karani. Majaji waliona ile ilikuwa safari mpya tangu pale ilipoanza. Matanga ya Bondo yangefanana nayo sana. Je, akigonga akiwa ameshamaliza matanga na anarudi Molo, mahali fulani Nyamasaria? Hapo mawakili wawili wazuri wanaweza kukaa kutwa nzima, na mimi nisingeweka dau upande wowote.

Kuna kosa moja ambalo waajiri wetu hulirudia: kudhani katazo linawaokoa. "Mimi nilimwambia asikimbize gari." "Kwenye mkataba tumeandika marufuku kupita wenzake." Mwaka 1862 kampuni ya London General Omnibus ilikuwa na maagizo yaliyochapishwa, kila dereva akiwa na nakala, yakimkataza kushindana na mabasi ya kampuni nyingine au kuyazibia njia. Dereva wake akalizibia njia basi la mpinzani ili lisipate abiria, likapinduka. Kampuni ikaonyesha maagizo yake. Haikusaidika. Dereva alikuwa akifanya kazi aliyoajiriwa kufanya, kuendesha basi na kutafuta abiria, ila aliifanya vibaya na kinyume cha amri. Yeyote aliyewahi kukaa kiti cha mbele matatu mbili zikikimbizana kati ya Kondele na Mamboleo ataona kwamba hilo basi la farasi lilikuwa na kila kitu isipokuwa muziki.

Kwa hiyo katazo la jinsi ya kufanya kazi halimtoi mwajiri. Katazo la kazi yenyewe ndilo linaweza kumtoa. Mfano unaosumbua ni abiria wa kuokotwa. Kwenye kioo cha lori kumebandikwa "Hakuna kubeba abiria", na dereva akambeba mtu pale Mau Summit kwa shilingi mia mbili, lori likapinduka. Waliogongwa nje wana haki zao zote. Yule aliyebebwa je? Mwaka 1946 korti ya Uingereza ilikataa dai la namna hiyo: kubeba abiria hakukuwa kazi ya dereva hata kidogo. Mwaka 1976 ikamkubalia mvulana wa miaka 13 aliyebebwa na muuza maziwa kinyume cha amri, kwa sababu mvulana alikuwa akisaidia kugawa maziwa; aliibeba kazi ya mwajiri hata kama mwajiri hakumtaka. Kwa maoni yangu swali la kumuuliza abiria wa lori ni moja: ulikuwa unafanya nini mle ndani? Kama ulikuwa unapakia na kupakua, una hoja. Kama ulikuwa unakwepa nauli ya matatu, safari yako mahakamani itakuwa ndefu kuliko ile.

Deiwaka

Hili nalichelewesha makusudi kwa sababu ndilo la huku kwetu. Matatu ina dereva aliyeajiriwa, anayejulikana na tajiri mwenye gari, mwenye jina katika vitabu vya sacco, chama cha wenye matatu. Saa tano amechoka, anampa usukani deiwaka, mtu anayeshinda steji akingoja zamu za vipande vipande. Tajiri hajawahi kumwona. Deiwaka anagonga. Tajiri anakuja kortini na kusema kweli tupu: huyu simjui.

Sheria ya zamani ina majibu mawili yanayoonekana kupingana. Mwaka 1900 kondakta wa basi la London aliligeuza basi mwenyewe, dereva hayupo, akamgonga mtu. Kampuni haikulipa, kwa kuwa kuendesha hakukuwa kazi ya kondakta. Mwaka 1915 kondakta mwingine aliendesha, lakini safari hii dereva alikuwa amekaa pembeni yake akitazama. Wenye basi wakalipa, kwa sababu dereva aliyekabidhiwa basi ndiye aliyezembea kwa kuruhusu lile litendeke. Mwaka 1963 ikaongezwa kesi ya dereva wa lori aliyemwachia mtu asogeze lori bila hata kumuuliza kama anajua kuendesha. Mwajiri akalipa, na aliyemtia hatiani ni dereva wake halisi.

Ukifuata mstari huo utaona kwamba kumkana deiwaka hakumalizi mambo. Swali linahama: dereva wako, yule unayemjua, alikuwa wapi, na alimpa nani chombo chako? Halafu kuna hesabu. Jioni tajiri hupokea pesa bila kuuliza ziliingizwa na mkono wa nani. Anayepokea hesabu ya siku nzima ana kazi ngumu ya kumshawishi hakimu kwamba saa tano hadi saa tisa matatu haikuwa ikimfanyia kazi yeye.

Sacco ni jambo jingine. Kibandiko cha sacco kwenye mlango hakiigeuzi kuwa mwajiri. Anayeishtaki lazima aonyeshe kwamba ilisimamia gari, ilimpanga dereva au ilinufaika na safari, si kwamba jina lake lilionekana tu.

Na magari ya nyumbani? Shemeji anaazima Probox yako kupeleka mahari Busia, anagonga mtu Luanda. Majaji wakuu wa Uingereza waliamua jambo la aina hii mwaka 1972. Gari lilikuwa la mke, mume akatoka nalo kwenda kunywa, kisha akampa rafiki aendeshe. Mke hakulipa, kwani kuruhusu hakutoshi; lazima dereva awe alikabidhiwa shughuli ya mwenye gari. Lakini ukimwambia shemeji, "Ukirudi mpitie mama Mbale uniletee," basi safari ya kurudi ina mkono wako. Kesi ya mwaka 1953 ilisema inatosha safari kuwa yenu kwa sehemu. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishafuata njia hiyohiyo mapema miaka ya 1980, kwamba msingi ni kazi iliyokabidhiwa, umiliki ukifuata nyuma.

Sasa, mdai aliyelala hospitalini atajuaje nani alimtuma nani? Sheria imemsaidia kwa dhana. Tangu uamuzi wa Afrika Mashariki wa mwaka 1969, ukithibitisha kwamba gari la fulani limeleta madhara kwa uzembe, huchukuliwa kwamba liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa ajili yake, mpaka mwenye gari alete ushahidi tofauti. Neno ni ushahidi. Kuandika kwenye majibu ya kesi kwamba "dereva hakuwa wangu" kisha usifike kutoa ushahidi ni sawa na kunyamaza. Matanga ya Bondo hayamsaidii mwenye canter kama hakuna aliyekuja kuyasimulia.

Logibuku, abstrakti na gari lililouzwa kwa mdomo

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyesajiliwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vinginevyo. Mlango huo wa "vinginevyo" ni mpana, na lazima uwe mpana katika nchi ambayo magari huuzwa kwa makubaliano ya kuandikwa kwenye karatasi ya daftari, na logibuku ikabaki jina la mtu wa tatu nyuma. Kisheria uhamisho wa umiliki una siku 14. Anayeuza na kupuuza jambo hili hujikuta akiletewa hati za kesi ya ajali ya gari ambalo hajaliona kwa miaka miwili. Atoe mkataba wa mauzo, atoe ushahidi, na atamtaja mnunuzi. Mdai mwerevu huwa amewashtaki wote wawili tangu mwanzo, pamoja na dereva.

Kwa muda mrefu mawakili walibishana kama abstrakti inatosha kuthibitisha umiliki. Mahakama ya Rufaa ikiketi Kisumu mwaka 2013 iliamua kwamba abstrakti ikishapokewa kama ushahidi na mdaiwa asiipinge, inaweza kutosha. Ni faraja, ila rekodi ya usajili kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, haina gharama ya kukufanya ubahatishe.

Pesa yenyewe

Dereva amekosea, safari imethibitika kuwa ya mwajiri. Anayelipa kwa kawaida ni kampuni ya bima, chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, ambayo inalazimisha kila gari barabarani kuwa na bima ya watu wengine, yaani ya kuwafidia wanaoumizwa na gari hilo. Hapa ndipo ile hoja ya safari inarudi kwa mlango wa nyuma. Bima hulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mtu anayelindwa na mkataba wake. Mwenye gari akijinasua kwa kuonyesha kwamba safari haikuwa yake, mdai anabaki na hukumu dhidi ya dereva pekee, na itabidi aoneshe kwamba mkataba ulimlinda dereva huyo pia. Deiwaka asiyejulikana ni mgonjwa mahututi upande huu.

Kampuni ya bima lazima ipewe taarifa ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Ukomo wa malipo yake ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi kinamrudia mwenye gari na dereva. Bima ikikataa kulipa, hufunguliwa kesi ya pili kuilazimisha.

Aliyekufa ana madai mawili: la wategemezi chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ambao ni mume au mke, wazazi na watoto, na la mirathi yake chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Kifaacho kujulikana ni kwamba kinacholipwa upande mmoja huangaliwa kisilipwe tena upande wa pili.

Taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, aliyeumia kwenye lori la mwajiri wake ana njia yake tofauti. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humpeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo Desemba 2019. Hapo hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu, na ulemavu wa kudumu kabisa au kifo hulipiwa mapato ya miezi 96. Kama aliyesababisha ni dereva wa gari jingine, huyo bado anashtakika.

Muda: miaka 3 tangu ajali, au tangu kifo kwa dai la wategemezi. Gari likiwa la Serikali, miezi 12 tu, na hiyo ndiyo inayowakata wengi, maana miezi 12 huishia mtu akiwa bado anasubiri chuma kitolewe mguuni. Na wale wanaume nadhifu wanaozungukia wodi wakiwa na fomu za kusainiwa, wakiahidi wakili wa bure, ni mabroka. Sheria inawakataza mawakili kutafuta wateja namna hiyo, na fidia inayopitia mikono mingi hufika ikiwa imekonda.

Mwaka juzi nilipanda nissan Nakuru kwenda Kisumu. Kericho dereva akashuka kununua maziwa, akapanda mwingine, kijana aliyevaa kofia ya sufu, hakusema neno, akang'oa gari. Nilimuuliza kondakta kama yule wa kwanza amebaki. Akaniambia, "Huyu pia ni dere, mzee, tulia." Tulifika salama kabla ya saa tisa. Jina la kijana yule silijui mpaka leo. Nambari ya gari niliiandika kwenye simu tulipokuwa tunapita Kapsoit, pamoja na saa aliyoshika usukani.